Mtoto anaharisha na kutapika: hatua za kufuata ukishuku bakteria

Watoto wengi wanaoharisha na kutapika wamepatwa na virusi, hasa rotavirusi na norovirusi, na hupona bila dawa yoyote ya kuua vimelea. Bakteria huhusika mara chache zaidi, lakini mara nyingi ndio walio nyuma ya yale mazito: damu kwenye choo, homa kali yenye degedege, mtoto kuishiwa maji ndani ya saa chache, na kwa baadhi figo kugoma wiki moja baadaye. Ndiyo maana mzazi akiona choo kibaya swali lake la kwanza huwa, "Nimpe antibiotiki gani?" Swali hilo lina nafasi yake, ila hapa nimeliweka la tano, tena makusudi. Antibiotiki inayomwokoa mtoto mwenye bakteria aitwaye Shigella inaweza kumletea madhara mtoto mwenye bakteria mwingine, E. coli ya aina fulani, na wote wawili nepi zao zina damu.

Kuharisha ninakokusema ni kupata choo cha majimaji au laini kupita kawaida mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Kichanga anayenyonya maziwa ya mama peke yake hupata choo laini mara nyingi kwa siku, na huo si ugonjwa. Kwake tazama mabadiliko: choo kimekuwa maji kuliko jana, kimeongezeka ghafla, au kimeanza kuwa na damu.

Hatua ya 1: Angalia maji mwilini kabla ya kitu kingine chochote

Kinachoua watoto wengi katika ugonjwa huu ni kukaukiwa, awe bakteria yeyote. Tazama vitu vinne: uchangamfu, macho, kiu na ngozi.

Ngozi huangaliwa hivi. Mlaze mtoto chali. Bana ngozi ya tumbo kwa kidole gumba na cha shahada, katikati ya kitovu na ubavu, mkunjo ulale kufuata urefu wa mwili. Shikilia kidogo, kisha achia. Ikirudi papo hapo, maji hayajapungua sana. Ukiweza kuuona mkunjo baada ya kuachia, hata kwa muda mfupi, maji yamepungua. Ukikaa zaidi ya sekunde mbili, hiyo ni hatari. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali ngozi hurudi polepole hata akiwa na maji ya kutosha, na kwa mtoto mnene hurudi haraka hata akiwa amekauka, kwa hiyo kwao usiitegemee alama hii peke yake.

Mtoto asiyetulia, mwenye macho yaliyodidimia, anayekunywa kwa pupa kila ukimpa kikombe, ameishiwa maji kiasi. Mtoto aliyelegea, anayesinziasinzia, ambaye hawezi kunywa au hana hata hamu ya maji, ameishiwa sana: huyo ni wa kupelekwa hospitali sasa hivi kuwekewa dripu, na kama bado anameza aendelee kupewa ORS (mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi wa kunywa) njiani. Mkojo nao unasema. Nepi kavu kwa saa sita au zaidi kwa mtoto mdogo ni dalili ya kuchukulia kwa uzito.

Hatua ya 2: Anza ORS, na uiandae sawasawa

Sumu ya bakteria kama wale wa kipindupindu huulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi nje. Lakini kuna mlango mmoja ambao sumu hiyo haiufungi, ule unaopitisha sukari na sodiamu kwa pamoja, na vikipita hivyo maji huvifuata. ORS imetengenezwa kwa ajili ya mlango huo. Mchanganyiko ambao Shirika la Afya Duniani limekuwa likiupendekeza tangu miaka ya 2000 una milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi kwa kila lita. Uwiano huo si wa kuchezea. Ukiongeza sukari "ili apate nguvu", sukari iliyozidi huvuta maji kuyarudisha utumboni, na kuharisha kunaongezeka. Soda na juisi za viwandani zina tatizo hilohilo.

Soma pakiti kabla ya kuchanganya, kwa sababu zipo za lita moja na zipo za ujazo mdogo zaidi. Pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye nusu lita ya maji ni chumvi mara mbili, na kwa mtoto mchanga hilo si kosa dogo. Tumia maji safi ya kunywa, na yakibaki baada ya saa 24 mwaga uchanganye upya. Kama pakiti haipatikani kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vitakuvusha mpaka uipate.

Mtoto ambaye bado hajaishiwa maji, mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha kuharisha akiwa chini ya miaka miwili, na mililita 100 hadi 200 akiwa amezidi hapo. Aliyeishiwa maji kiasi hupewa mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa nne. Wa kilo 10, basi, ni mililita 750. Hili la pili lifanyike kwenye kituo cha afya inapowezekana, ili mtu amwangalie tena saa nne zikiisha.

"Lakini anatapika kila kitu." Wengi wao hutapika kwa sababu wamepewa kikombe kizima kwa mkupuo. Akitapika, subiri dakika 10. Kisha chukua sirinji isiyo na sindano, vuta mililita 5, elekeza ncha ndani ya shavu na usukume polepole, mara moja kila dakika moja au mbili. Hata kwa mwendo huo wa dakika mbili, saa moja ikiisha ameshaingiza mililita 150. Kazi hii inachosha mikono na inakera usiku, nakubali, ila kwa watoto wengi inatosha kuepusha dripu.

Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Katika nchi nyingi mtoto huongezewa na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Dozi ufuate uliyoandikiwa, na usikatishe choo kikishakuwa kizuri, kwa sababu sehemu ya faida yake ni kupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi inayofuata.

Hatua ya 3: Kitazame choo chenyewe

Usikitupe kabla ya kukitazama. Piga picha ya nepi ukipenda. Watabibu wengi watakushukuru, maana maneno "damu kidogo" kila mzazi ana kipimo chake.

Choo cha maji mengi, chenye rangi kama maji ya kuoshea mchele, kinachotoka bila homa kubwa wala maumivu makali, kinaelekeza kwenye kipindupindu, hasa kama kuna mlipuko unaojulikana. Mtoto anaweza kukauka ndani ya saa chache, kwa hiyo usikae nyumbani kungoja. Maji yasiyo na damu huletwa pia na aina za E. coli zinazotoa sumu utumboni, zile ambazo huwakumba pia wasafiri, na nyingi hupita ndani ya siku chache ukishikilia ORS.

Shigella ana sura yake. Siku ya kwanza mtoto anaweza kuwa na homa kali na choo cha maji tu. Kisha choo kinakuwa kidogokidogo, mara nyingi, ute na damu, na mtoto anakaa kwenye poti akijikamua huku hakuna kinachotoka. Degedege hutokea kwa baadhi yao, wakati mwingine hata kabla ya kuharisha kupamba moto. Bakteria huyu anaambukiza kwa idadi ndogo mno, kati ya 10 na 100 tu, na ndiyo maana akiingia kwenye chumba cha watoto wadogo hupita kwa wengi.

Campylobacter huanza na homa na tumbo kuuma sana, na damu inaweza kuonekana baada ya siku moja au mbili. Chanzo chake cha kawaida ni kuku asiyeiva, maziwa yasiyochemshwa, na wakati mwingine mtoto wa mbwa anayeharisha. Salmonella naye hupitia kuku na mayai, lakini watu husahau kobe, mijusi na vifaranga wanaofugwa ndani. Mtoto chini ya miaka mitano hatakiwi kuwashika kobe na mijusi, basi. Yersinia ni nadra zaidi, na kwa watoto wakubwa huleta maumivu ya chini ya tumbo upande wa kulia yanayofanana na ya kidole tumbo.

Sasa yule ninayemwogopa kuliko wote: E. coli inayotoa sumu ya Shiga, maarufu ikiwa O157:H7. Kuharisha huanza kwa maji, na baada ya siku moja hadi tatu hugeuka damu, wakati mwingine damu tupu, tumbo likiuma sana. Homa huwa ndogo au haipo kabisa, na hilo huwadanganya watu. Mtoto hana joto, wazazi wanapumua. Kumbe damu nyingi bila homa ndiyo iwe sababu ya kukimbia. Sumu yake huingia kwenye damu, huharibu mishipa midogo ya figo na kuvunja chembe nyekundu, na miongoni mwa watoto walioambukizwa O157 takriban asilimia 5 hadi 15 hupata tatizo hili la figo. Hupatikana kwenye nyama ya kusaga isiyoiva, maziwa mabichi, mboga zinazoliwa bila kupikwa, na kwa kugusa ng'ombe, mbuzi au kondoo bila kunawa baadaye.

Kuna damu ambayo haihusiani na bakteria hata kidogo. Kichanga anayelia kwa vipindi, anakunja miguu, ananyamaza akiwa amepauka, kisha analia tena, akitapika matapishi ya kijani na kutoa choo cha damu na ute mzito, huenda sehemu ya utumbo wake imeingia ndani ya sehemu nyingine ya utumbo huohuo. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji haraka, na kila saa ina uzito.

Hatua ya 4: Rudisha saa nyuma, kisha uliza kama kipimo kinahitajika

Watu hulaumu chakula cha mwisho. Mara nyingi chakula hicho hakina hatia. Mtoto akitapika ndani ya saa chache baada ya kula, na wengine waliokula pamoja naye wakatapika, fikiria sumu iliyokwisha kutengenezwa kwenye chakula chenyewe na Staphylococcus aureus, au na Bacillus cereus wa kwenye wali uliopikwa ukaachwa kwenye joto la chumba. Hayo huisha ndani ya siku moja hivi, na antibiotiki hazina kazi hapo, kwa sababu kinachomsumbua ni sumu aliyoimeza tayari. Salmonella huchukua saa 6 hadi siku 6. Shigella siku moja hadi mbili, tatu kwa kawaida ndiyo mwisho. Campylobacter siku 2 hadi 5, na E. coli ya sumu ya Shiga mara nyingi siku 3 hadi 4. Kwa hiyo andika alichokula, alikokwenda na mnyama aliyemgusa kwa wiki nzima iliyopita. Andika pia dawa. Mtoto aliyetumia antibiotiki hivi karibuni anaweza kuharisha kwa sababu ya dawa zenyewe, au kwa Clostridioides difficile, ingawa kwa watoto chini ya mwaka mmoja bakteria huyo hukaa tumboni bila kudhuru, na kipimo chake kwao hupotosha.

Kuotesha choo maabara, yaani kuwakuza bakteria waliomo ili watambuliwe, si lazima kwa kila mtoto. Kuna maana kama kuna damu, homa kali, dalili za maambukizi mwilini, kinga dhaifu, kipindupindu kinashukiwa, kuharisha kumezidi siku 14, au watoto kadhaa wa sehemu moja wameugua pamoja.

Chukua sampuli kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Chagua sehemu yenye ute au damu. Usichanganye na mkojo. Kwa mtoto wa nepi, tandika karatasi laini ya plastiki ndani yake, kwani nepi za kisasa hunyonya maji yote na kukuachia kitu kisichopimika. Peleka ndani ya saa mbili, ama uombe chombo chenye dawa ya kuhifadhi vimelea. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu hivi, na Shigella ni mwepesi kufa njiani, kwa hiyo jibu la "hakuna kilichoota" kutoka kwenye sampuli iliyokaa nusu siku lisikutulize sana. Kama unashuku O157, taja kwa jina: si kila maabara humtafuta bila kuambiwa.

Hatua ya 5: Sasa antibiotiki

Kuharisha kwa maji bila damu, mtoto mwenye afya yake: hapana. Kipindupindu chenye upungufu mkubwa wa maji: ndiyo, dozi moja hufupisha ugonjwa, lakini kinachookoa bado ni maji. Kuhara damu na homa, Shigella akishukiwa: ndiyo, bila kungoja majibu, na miongozo hutumia siprofloksasini, azithromaisini au seftriaksoni kulingana na usugu ulioko eneo husika. Baada ya saa 48 hali iwe imeanza kubadilika: homa imeshuka, damu imepungua, mtoto anakula. Isipobadilika, rudi, huenda bakteria huyo ni sugu kwa dawa hiyo. Usinunue nyingine juu yake.

Salmonella wa kawaida, yaani asiye wa taifodi, hapo ndipo wengi hushangaa: mtoto mwenye afya hapewi antibiotiki. Hazifupishi kuharisha, na zinaweza kumfanya aendelee kumtoa bakteria kwenye choo kwa muda mrefu zaidi. Hupewa aliye chini ya miezi mitatu, mwenye utapiamlo mkali, mwenye kinga dhaifu, na mwenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell), kwa sababu kwao bakteria huvuka utumbo na kuingia kwenye damu, hata kwenye mifupa. Campylobacter hutibiwa akiwa mkali na mapema. Ikipita siku ya tatu au nne faida imeshapungua.

E. coli ya sumu ya Shiga: antibiotiki hazipendekezwi. Baadhi yake zinaweza kumfanya bakteria amwage sumu zaidi. Mtoto huyu huhitaji maji ya kutosha na kupimwa damu, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) na figo kila mara. Damu bila homa, kwa hiyo, iamuliwe na daktari aliyemwona mtoto, si na mtu wa dukani aliyeelezwa kwa simu.

Hatua ya 6: Dawa za kuweka kando

Loperamidi na dawa nyingine za kufunga choo hazifai kwa watoto wadogo, na kwenye kuhara damu ni hatari kwa umri wowote, maana huzuia utumbo kusukuma nje sumu na vimelea. Ibuprofeni nayo iache ikiwa mtoto ameishiwa maji au ana damu kwenye choo, kwa sababu huzielemea figo wakati ambao hazihitaji mzigo. Parasetamoli kwa uzito wake yatosha. Dawa ya kuzuia kutapika, ondansetroni, ina nafasi yake hospitalini kwa dozi moja ili ORS ikae tumboni. Isiwe ya kurudiarudia nyumbani.

Hatua ya 7: Alishwe, na wengine wasiambukizwe

Njaa haitibu kuharisha. ORS ikishamtuliza, ndani ya saa chache arudi kwenye chakula alichokizoea, kidogokidogo na mara nyingi, na baada ya kupona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Sabuni na maji, sekunde 20, baada ya nepi na kabla ya chakula. Dawa ya spiriti ya mikono haiui mbegu za C. difficile, wala haifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye uchafu unaoonekana. Anayembadilisha nepi mgonjwa asiwe ndiye anayepika, ikiwezekana. Nyama ya kusaga iive mpaka katikati ifike nyuzi 71 za Selisiasi, na kuku 74. Rangi peke yake si kipimo. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili. Maziwa ya unga ya kopo yanaweza kuwa na vimelea, basi kwa kichanga yachanganywe na maji yenye nyuzi 70 au zaidi, yapozwe haraka, anyweshwe hapo hapo.

Arudi shule au kwa mlezi saa 48 baada ya choo cha mwisho cha kuharisha. Kwa Shigella na E. coli ya sumu ya Shiga, maeneo mengi hudai choo kipimwe tena na kionekane hakina bakteria kwanza, hasa kwa watoto wadogo, kwa hiyo uliza kabla ya kumrudisha.

Wiki mbili baada ya damu kukoma

Matatizo ya figo yanayotokana na E. coli hujitokeza kwa kawaida siku 5 hadi 10 tangu kuharisha kuanze, mara nyingi wakati choo kimeanza kuwa kizuri na kila mtu amelegeza uangalizi. Tazama weupe wa kiganja na wa ndani ya midomo, mkojo uliopungua au kuwa na rangi ya chai, uso na miguu kuvimba, alama za michubuko zisizo na sababu, na usingizi usio wa kawaida. Moja tu kati ya hizo ni hospitali siku hiyohiyo, na ukifika taja mwanzoni kabisa kwamba alihara damu. Kwa aliyeugua Campylobacter, ni nadra sana, lakini katika wiki chache zinazofuata miguu inaweza kuanza kulegea kutoka chini kwenda juu. Mtoto aliyekuwa anapanda ngazi, sasa anajikwaa au anakataa kusimama, huyo naye apelekwe siku hiyohiyo.